Miaka miwili na ushee baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, kilo zimeanza kurudi: nifanye nini?

Mwenye swali

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Miaka miwili na miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ule ambao sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kuondolewa, kikabaki kifuko chembamba mfano wa mkono wa shati. Siku ya upasuaji nilikuwa na kilo 128. Kufikia mwezi wa kumi na sita nilikuwa nimeshuka hadi kilo 81, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu niliweza kuinama na kufunga kamba za viatu bila kuhema. Nilikaa kwenye uzito huo kwa miezi kadhaa, kisha, bila mimi kukumbuka jambo lolote kubwa nililobadilisha, mizani ikaanza kupanda kidogo kidogo, na leo asubuhi imesoma kilo 86.

Mwaka wa kwanza njaa ilikuwa imenihama kabisa, hata nikawa nakula kwa kukumbushwa. Sasa imerejea. Si kali kama ile ya zamani, lakini ipo, na hunijia zaidi usiku nikiwa nimeshamaliza kazi za siku. Jambo la pili ni mwili wenyewe. Nilikuwa natembea dakika 40 kila asubuhi, lakini miezi mitano iliyopita goti la kulia lilianza kuuma, nikajiambia nipumzike wiki mbili, na wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Kila nikijaribu kuanza upya nachoka mapema mno, na nikisimama ghafla napata kizunguzungu. Bado ninatumia dawa ya shinikizo la damu niliyoandikiwa kabla ya upasuaji, kwa kipimo kilekile.

Nakiri pia kwamba sijahudhuria kliniki kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu naona aibu kupanda kwenye mizani mbele ya watu waliohangaika kunisaidia. Naomba kujua kutoka kwa waliopita njia hii zaidi ya miaka mitano: je, huku kupanda ndiko kuanza kurudi nilikotoka? Na mtu anaanzaje tena mazoezi akiwa amechoka hivi?

Miaka Saba

Dada, pole, na nakushukuru kwa kueleza bila kuficha. Mimi nilifanyiwa baipasi, ile ambayo tumbo hufanywa kifuko kidogo na kuunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikiruka sehemu yake ya mwanzo, na huu ni mwaka wangu wa saba. Nilianza na kilo 151, nikashuka hadi 94, kisha nikapanda hadi 103. Leo nina 101, na nimekaa hapo kwa zaidi ya miaka mitatu. Zile kilo tisa zilipoingia nilidhani nimeharibu kila kitu, nikawa silali. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba uzito wa chini kabisa ambao mtu huufikia katika mwaka wa kwanza au wa pili mara nyingi si uzito atakaokaa nao, ningejiokoa na huzuni nyingi.

Kuna utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, ambao uliwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao mwaka mmoja hadi miwili baada ya upasuaji, na walipopimwa baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 25 chini ya pale walipoanzia. Upasuaji wako wewe haukuwa miongoni mwa aina zilizochunguzwa humo, kwa hiyo usizichukue tarakimu hizo kama zako, lakini umbo la safari ndilo hilohilo: mtu hushuka sana, hugusa chini, hupanda kiasi, kisha hutulia. Wewe ulipoteza kilo 47 na zimerudi tano, yaani kama sehemu moja ya kumi. Hujarudi ulikotoka. Ila ni vizuri umeuliza zikiwa tano, maana mimi niliuliza zikiwa tisa.

Kuhusu kutembea, nina jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mwili mzito hutumia nguvu nyingi kujibeba. Wewe wa kilo 86 ukitembea njia ileile uliyotembea ukiwa na kilo 128, unaunguza takriban theluthi moja pungufu, na hata ukiwa umelala mwili mdogo hutumia kidogo kuliko mwili mkubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hajabadilisha kitu, na bado akapanda: chakula ni kilekile, matembezi ni yaleyale, mwili ndio uliobadilika.

Kwangu mimi, kilichosimamisha mizani hakikuwa kutembea zaidi bali kujenga misuli. Katika miezi ile ya kushuka kwa kasi nilipoteza mafuta, lakini nilipoteza na nyama pia, nikawa mwembamba na dhaifu. Nilianza kwa kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kujishika kwa mikono, nikaendelea na kusukuma ukuta, kisha mkanda wa mpira, na mwaka uliofuata nikaanza vyuma vyepesi. Siku tatu kwa wiki, dakika 25 tu. Baada ya miezi minne hivi niligundua napanda ngazi nikiwa naongea na simu, jambo ambalo kutembea peke yake hakukunipa.

Muuguzi wa Kliniki

Mwenzangu wa hapo juu amesema mengi ya kweli, nami nitaongeza upande wa tiba, kwa kuwa ninawahudumia watu waliofanyiwa upasuaji wa namna hii na swali lako ninalisikia karibu kila wiki.

Naomba kwanza tuzungumzie kizunguzungu, kwa sababu ndicho kilichonishtua katika maelezo yako kuliko hizo kilo tano. Dawa ya shinikizo la damu uliyoandikiwa ukiwa na kilo 128 inaweza kuwa kali mno kwa mwili wa kilo 86. Uzito unaposhuka, shinikizo nalo mara nyingi hushuka, na dawa isipopunguzwa mtu huanza kuyumba kila anaposimama. Usiiache wala usiipunguze mwenyewe; nenda ukapimwe ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, na umweleze daktari kwamba kipimo hakijabadilishwa tangu kabla ya upasuaji.

Sababu ya pili inayowezekana ni damu. Baada ya upasuaji wako, tumbo hutoa asidi pungufu, mtu hula kidogo, na ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12 hupungua, na upungufu huo hujijenga polepole bila kelele hadi mtu anajikuta anachoka kwa kufagia chumba kimoja. Wanawake wanaopata hedhi wako katika hatari zaidi. Omba upimwe wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, B12, folati, vitamini D na kalsiamu. Vipimo hivi hufanywa angalau mara moja kila mwaka, maisha yote, hata kwa anayejisikia mzima, na wewe mwaka wako umepita. Niulize pia: bado unameza vitamini zako? Wengi huacha katika mwaka wa pili, pale wanapojisikia vizuri. Kama unatumia vidonge vya chuma na vya kalsiamu, usivimeze pamoja, kwa sababu kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Weka saa mbili kati yake.

Mtu mwenye upungufu wa damu akiambiwa ajikaze afanye mazoezi anaonewa. Atajaribu, atashindwa, atajiita mvivu, kumbe mwili hauna cha kubebea hewa. Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ungekuwa vipimo kwanza, mazoezi baadaye kidogo.

Sasa njaa. Sehemu ya tumbo iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo grelini, ambayo huuambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Ndiyo sababu mwaka wa kwanza ulikuwa mtulivu. Lakini njaa haiongozwi na homoni moja. Mwili uliopungua sana hujitahidi kwa njia nyingine kurudisha akiba yake, na kifuko nacho hulegea kiasi kadiri muda unavyokwenda. Huo ni utendaji wa mwili, na hauna uhusiano na tabia njema au mbaya. Linalokusaidia ni kuhakikisha kila mlo unaanza na protini, iwe mayai, samaki, kuku, maharage au maziwa. Kiwango cha chini kinachotajwa na wataalamu ni gramu 60 kwa siku, na wengi huhitaji zaidi, kulingana na urefu wao na mazoezi wanayofanya. Protini hushibisha kwa muda mrefu na ndiyo inayolinda ile misuli aliyoieleza kaka wa juu. Kunywa maji ya kutosha, lita moja na nusu au zaidi kwa siku, lakini si wakati wa kula, na baada ya mlo subiri kama nusu saa.

Goti nalo lisikusahaulishe jambo moja: dawa za maumivu za jamii ya aibuprofeni na diklofenaki zinaweza kusababisha vidonda kwenye tumbo lililofanyiwa upasuaji. Kwa waliofanyiwa baipasi tunawaambia wazikwepe kabisa, na kwa upasuaji kama wako zisitumike bila ushauri wa daktari. Waone wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mara nyingi goti huuma kwa sababu misuli ya paja imepungua, na dawa yake ni kuiimarisha. Ukipumzika miezi mitano unaidhoofisha zaidi.

Na hiyo aibu, dada yangu, naomba uiache mlangoni. Sisi hatuhesabu kilo ili kuhukumu. Mgonjwa anayenisikitisha si yule aliyepanda kilo tano na akaja. Ni yule aliyepanda ishirini akijificha, akaja akiwa na upungufu wa vitamini ambao ungezuilika.

Nilijificha Miaka Mitatu

Nimesoma maneno ya muuguzi nikajiona mimi mwenyewe. Nilipanda kilo 21 katika miaka mitatu ambayo sikukanyaga kliniki, na ninaandika ili wewe usifanye kama nilivyofanya.

Milo yangu ilikuwa midogo na yenye heshima. Kosa langu lilikuwa kati ya milo. Nilikuwa nadonoadonoa: vipande viwili vya biskuti, kijiko cha aiskrimu, karanga chache, kikombe cha chai yenye sukari, tena baada ya saa moja kitu kingine. Kifuko hakilalamiki, kwa sababu vitu laini na vya majimaji hupita haraka bila kukijaza, na hivyo mtu anaweza kunywa na kudonoa kalori nyingi ambazo katu asingeweza kuzila kwa mlo mmoja. Nilijiona mtu asiyekula. Mtaalamu wa lishe aliponiomba niandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, bila kubadilisha chochote, siku ya nne nililia. Niliona mara kumi na tatu kwa siku moja.

Sikupewa adhabu wala orodha ya vyakula haramu. Tulipanga milo mitatu na kitafunio kimoja, kila kimoja kwa saa yake, na kati yake maji tu au chai isiyo na sukari. Njaa ya usiku, ambayo wewe umeitaja, ilipungua nilipoanza kula mlo wa asubuhi wenye protini ya kutosha na nilipoanza kulala mapema, maana nilikuwa nikikesha hadi saa saba za usiku na saa hizo ndizo nilizokuwa nadonoa. Pia walinichunguza tumbo kwa kamera kuhakikisha hakuna tatizo la upasuaji wenyewe, na baadaye daktari alinieleza kuhusu dawa za sindano kama liraglutide na semaglutide, ambazo hupunguza hamu ya kula na hutumiwa pia na baadhi ya watu waliopanda uzito baada ya upasuaji. Mimi nilizitumia kwa mwaka mmoja. Nasema hili wazi kwa sababu kuna wanaoona kuhitaji dawa baada ya upasuaji ni kushindwa mara mbili. Unene uliokithiri ni maradhi sugu, na mgonjwa wa presha akiongezewa dawa ya pili hakuna anayemwita mshindwa. Nimeshusha kilo 14 kati ya zile 21.

Kuhusu pombe, kama unatumia, jihadhari. Baada ya upasuaji hasa wa baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba matatizo ya ulevi yaliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Nimemwona rafiki akihamisha faraja yake kutoka kwenye sahani kwenda kwenye glasi, na haikuwa njia fupi kumrudisha.

Ninatofautiana kidogo na wanaosema mtu ajipime kila siku. Mimi kipimo cha kila asubuhi kiliniharibia siku nzima, na siku iliyoharibika nilikuwa naidonoa. Mara moja kwa wiki inanitosha.

Miaka Saba

Hapo kwenye mizani nakubaliana nawe. Mimi nami ni kila Jumamosi, saa ileile, kabla ya kula. Nimejiwekea mpaka: nikizidi kilo 104 kwa wiki mbili mfululizo napiga simu kliniki, sisubiri miadi. Mpaka huo umenisaidia kuliko mizani yenyewe, kwa kuwa chini yake nina ruhusa ya kutokuwa na wasiwasi.

Mwenye swali

Nimerudi baada ya wiki saba, na nilitaka nije na habari badala ya shukrani tupu, ingawa shukrani ninazo nyingi. Nilikwenda kliniki wiki iliyofuata baada ya kuandika hapa. Hakuna aliyenikaripia; muuguzi aliniuliza tu kwa nini nilikuwa kimya, nikashindwa kujibu.

Akiba yangu ya madini ya chuma ilikuwa chini sana, na shinikizo la damu lilishuka vibaya niliposimama. Daktari amepunguza dawa kwa nusu na nimeanza vidonge vya chuma, ambavyo navimeza asubuhi, kalsiamu mchana na jioni. Kizunguzungu kiliisha ndani ya siku kumi. Uchovu unaondoka polepole. Niliandika pia chakula changu kwa siku saba kama alivyoeleza mwenzetu, nikagundua kwamba juisi niliyokuwa nikijihesabia kama tunda ilikuwa karibu nusu lita kila siku, na protini yangu haikufika gramu 45.

Mtaalamu wa fiziotherapia alisema goti halina ugonjwa mkubwa ila paja la kulia limekonda kuliko la kushoto. Nimeanza mazoezi ya kiti, na kutembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni, ingawa bado si kila siku. Lengo tulilopanga ni kufika dakika 150 kwa wiki, na baada ya hapo tutazame kama goti litaruhusu kukaribia 300. Mizani leo imesoma 85.2.

Limebaki swali moja ambalo nilishindwa kuuliza uso kwa uso. Ngozi ya tumbo langu imelegea, na nikitembea haraka hutikisika na kunichubua kwenye mkunjo, hadi wakati mwingine naona bora nikae. Wenzangu mnafanyaje?

Muuguzi wa Kliniki

Nimefurahi mno kusoma haya, hasa kwamba sababu ya uchovu imepatikana. Ngozi iliyolegea si jambo la kuonea haya, kwa kuwa ni alama ya kilo 40 na zaidi zilizoondoka, na karibu kila aliyepungua kiasi hicho anayo. Osha mkunjo, ukaushe kabisa kwa kupapasa na si kwa kusugua, na kabla ya kutoka paka mafuta mazito ya kuzuia msuguano. Ukiona wekundu usioisha, harufu au majimaji, njoo utazamwe, kwa sababu fangasi hupenda mahali pale na dawa yake ni rahisi ikiwahiwa. Wapo wanaofanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi, lakini kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi uzito utulie kwa miezi kadhaa.

Nilijificha Miaka Mitatu

Vaa nguo ya ndani ya kubana inayoanzia chini ya kifua hadi katikati ya paja, isiyo na mshono mahali pa mkunjo, na juu yake suruali ya mazoezi yenye kiuno kirefu. Ijaribu kwanza nyumbani kwa kuruka mara chache papo hapo. Kama inateremka ni kubwa mno, kama unashindwa kuvuta pumzi mpaka chini ni ndogo mno. Siku ambazo mchubuko bado haujapona mimi hufanya mazoezi ya kiti na mkanda wa mpira nikiwa nimekaa, au naingia kwenye bwawa, ambako maji huibeba ngozi yote na goti halisikii uzito. Kutembea narudia kesho yake.